Mashini Isemapo Uwongo, Nani Amesema?

Tangu zamani, mtu akishitakiwa barazani, wazee humwuliza shahidi: Uliona kwa macho yako, au ulisikia tu? Shahidi akijibu kwamba hakuona, maneno yake yapungua uzito. Na ikijulikana kwamba amesema uwongo kwa kusudi, hasira ya wazee yamwangukia yeye mwenyewe. Desturi hiyo ni njema, kwa sababu yamfanya kila mtu aogope kufungua kinywa ovyo juu ya jirani yake.

Lakini siku hizi yuko shahidi mwingine, asiye na macho wala kinywa, wala hawaogopi wazee. Ndiyo mashini ya kuhesabu iitwayo kompyuta. Serikali nyingi zaitumia kwa kuandika majina ya watu, kwa kulipa mishahara, kwa kutoza kodi, na hata kwa kuwatafuta wadanganyifu. Basi, mashini hiyo ikimshitaki mtu asiye na kosa, nani ameshuhudia uwongo? Watu wengi hujibu upesi: "Hakuna mtu, ni kosa la mashini." Jibu hilo lafaa kupimwa polepole, maana lawapendeza mno wale wenye kulitoa.

Mambo yaliyotokea katika nchi ya Australia yatasaidia kulipima. Nchi hiyo ni kubwa na tajiri, ng'ambo ya bahari ya Hindi. Huko mtu asiye na kazi, au mgonjwa, au mwanafunzi maskini, hupewa msaada wa fedha na serikali kila majuma mawili, kwa mkono wa ofisi iitwayo Centrelink. Mwenye kupokea sharti aeleze amepata mshahara kiasi gani katika majuma mawili yale. Akipata mwingi, msaada wake wapunguzwa. Asipopata kitu, apewa wote. Msomaji ashike neno hilo la majuma mawili. Sheria haikusema mwaka. Ilisema majuma mawili, na habari yote yategemea hapo.

Mwaka 2015 wakubwa wa serikali waliazimu kuwatafuta watu waliopokea msaada kupita haki yao. Kazi ilianza kwa majaribio, na toka mwaka 2016 ikaenea nchi nzima. Watu wakaiita Robodebt, ndiyo kusema deni la mashini. Njia yake ilikuwa hivi: mashini ilichukua kutoka ofisi ya kodi jumla ya mshahara wa mtu kwa mwaka mzima, ikaigawanya katika sehemu 26 zilizo sawa, kwa kuwa mwaka una majuma mawili-mawili mara 26. Kisha ikalinganisha kila sehemu na maneno ambayo mtu yule alikuwa ameyaeleza mwenyewe. Maneno yakipishana, mashini ilimwandikia barua.

Tuseme mtu alifanya kazi nusu ya mwaka, akalipwa dola 1,000 kila majuma mawili. Jumla yake 13,000. Kisha kazi ikaisha. Nusu ya pili hakupata hata senti moja, akaomba msaada, akaeleza kweli tupu: "Sina kitu." Mashini yagawanya 13,000 kwa 26, yapata 500. Yasema: "Mtu huyu alikuwa akipata dola 500 kila majuma mawili, mwaka mzima. Aliposema hana kitu, alidanganya. Arudishe fedha."

Mkulima wa pamba aelewa jambo hili kuliko mtu wa ofisini. Yeye auza pamba yake mara moja kwa mwaka. Siku ile ana fedha, anunua nguo, alipa ada ya shule ya watoto. Baadaye yaja miezi ambayo hana hata fedha ya chumvi. Atokee sasa mgeni mwenye kalamu, agawanye fedha za pamba kwa miezi 12, na katika mwezi wa njaa amwambie: "Wewe una fedha kama kila mwezi, mbona waomba?" Kijiji kizima kingemcheka mgeni yule. Huko Australia haikuwezekana kumcheka, maana aliyesema alikuwa serikali.

Kweli, hesabu ile haikuwa na kosa hata kidogo. Elfu kumi na tatu kugawanya kwa ishirini na sita ni mia tano, leo na siku zote. Mashini ilifanya vile ilivyoagizwa. Uwongo haukuwa katika kugawanya. Ulikuwa katika kumwambia mtu: "Hizi ndizo fedha ulizopata," na hali hakuna aliyeziona mkononi mwake. Mashini haijui maana ya neno "ulipata". Waliojua ni watu waliotunga barua.

Tena barua zenyewe zilimwekea mshitakiwa mzigo wa mwingine. Zamani, mashini ilipoonyesha tofauti, mtumishi wa ofisi alichunguza, na aliweza kumwuliza tajiri aliyemwajiri mtu yule atoe karatasi za mshahara. Sasa mtumishi aliondolewa katikati. Mshitakiwa aliambiwa atafute mwenyewe karatasi hizo, pengine za miaka mingi iliyopita, za duka ambalo limekwisha fungwa au za tajiri aliyehama. Akishindwa, au barua ikienda kwenye nyumba aliyokwisha kuiacha, deni lilithibitika. Mara nyingi liliongezwa sehemu kumi kwa mia kuwa adhabu. Wengine walikabidhiwa kwa watu wenye kazi ya kudai madeni. Wengine walishtuka kuona fedha walizopaswa kurudishiwa na ofisi ya kodi zimekwisha chukuliwa. Hapo kwanza watumishi walikuwa wakichunguza mambo ya namna hii kama 20,000 kwa mwaka. Mashini iliweza kupeleka barua hata 20,000 kwa juma moja. Na maskini wengi walilipa deni lisilokuwako, kwa kuogopa tu.

Labda msomaji atasema: Je, serikali isilinde mali ya watu wote? Naam, sharti iilinde. Wako watu wanaopokea fedha za umma kwa hila, na kuwaacha ni kuwaonea wale wanaolipa kodi kwa jasho. Wala si vibaya mashini itumike katika kazi hiyo. Yaweza kusoma karatasi nyingi kwa saa moja kuliko watu mia kwa mwaka, na kuonyesha: "Hapa pana tofauti, patazameni." Mbwa wa mwindaji hufanya hivyo, hubweka penye kichaka. Lakini mwindaji hatupi mkuki kichakani kabla ya kuona ni mnyama au ni mtoto anayeokota kuni. Australia walimwondoa mwindaji wakambakiza mbwa, kwa kuwa mwindaji hulipwa mshahara. Wakubwa walitumaini kuvuna fedha nyingi kwa gharama ndogo, na tamaa hiyo haikuwa ya mashini.

Hata hapo mtu aweza kuwatetea: walikosa kwa kutojua. Asiyejua hana hatia sawa na ajuaye. Hilo ni kweli, na wengine kati ya watumishi wadogo huenda hawakujua. Lakini mwishoni mwa mwaka 2014, kabla ya kazi kuanza, wanasheria wa serikali yenyewe walikwisha kuandika kwamba kugawanya mshahara wa mwaka kwa namna hiyo hakupatani na sheria. Shauri lilipofikishwa mbele ya mawaziri, onyo hilo halikutajwa. Palikuwa na mkono wa mtu ulioliacha, na mkono huo haukuwa wa chuma.

Na mwaka 2017 jambo hilo lilisemwa tena, waziwazi zaidi. Katika baraza linalosikiliza malalamiko ya wananchi juu ya ofisi za serikali alikuwamo mwalimu wa sheria, jina lake Terry Carney. Watu walioandikiwa madeni walifika mbele yake, naye akaamua mara kadhaa kwamba deni la namna ile halisimami, kwa sababu serikali haikutoa ushahidi. Serikali ingeweza kukata rufani ili wakubwa wa sheria waamue kwa ajili ya wote. Haikukata. Ilimfutia deni yule aliyelalamika, ikaendelea kuwaandikia barua maelfu wasiojua kulalamika. Mwaka huohuo muda wa Carney katika baraza uliisha, wala hakuteuliwa tena.

Basi nani alisema uwongo? Aliyeagiza mashini, akijua inavyogawanya. Aliyesoma onyo la 2014 akalifunika. Aliyeona maamuzi ya Carney akahesabu kwamba kunyamaza kwafaa kuliko kwenda mbele ya jaji. Hatia zao hazilingani, na kuzipima moja moja ni kazi ya wenye kuhukumu. Lakini kila mmoja alikuwa na akili na dhamiri, na mashini haikuwa na moja ya hizo. Wakisema "ni mashini," wafanya kama mtu aliyemtuma mtoto kutukana jirani, kisha asema hakufungua kinywa.

Mwezi wa Novemba 2019, katika shauri la mwanamke mmoja, serikali ilikubali mbele ya Mahakama ya Shirikisho kwamba deni lake halikuwa halali. Mei 2020 ilitangaza kwamba itarudisha dola milioni 721 kwa watu 373,000. Mwaka 2021 jaji Bernard Murphy alikubali mapatano ya watu walioshitaki pamoja, ambayo, ukijumlisha fedha za kurudishwa na madeni ya kufutwa, yalipita dola bilioni moja na milioni mia saba. Kisha tume ya uchunguzi chini ya Catherine Holmes ilisikiliza mashahidi, ikatoa taarifa yake Julai 2023: kazi ile haikuwa ya haki wala ya sheria. Katika mashahidi walikuwamo mama wawili ambao wana wao, vijana, walijiua wakiwa wanadaiwa. Kwao hakukuwa na cha kurudishwa.

Kongo vilevile mashini zimekwisha ingia. Toka uandikishaji wa wachaguzi wa mwaka 2005, watu walipigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kwa mashini, na kadi ya mchaguzi imekuwa kwa wengi ndicho kitambulisho chao. Mwaka 2018 watu walichagua kwa kugusa kioo cha mashini. Kazi hizo hufanywa na vijana waliosoma, na wengi wao wametoka vijijini. Yamkini mmoja wa wale wasomao ukurasa huu atakaa siku moja mbele ya kioo hicho, mtu akimwambia: "Jina langu ndilo hili, na mimi ndimi," na kioo kikikataa. Atauliza: Mtu mdogo wa ofisi aweza nini?

Katika ofisi ile ya Australia alikuwako mwanamke mmoja, mtumishi wa kawaida, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua madeni. Yeye alikuwa amezoea njia ya zamani: kufungua faili, kusoma karatasi za mshahara moja baada ya nyingine, kuuliza. Aliona kwamba sasa watu wanatozwa fedha wasizokopa, akasema hivyo kwa wakubwa wake. Mwaka 2017 akaandika hata kwa mkubwa wa wizara yote, akieleza makosa yalipo. Walimsikiliza kidogo, wakamjibu kwa maneno ya adabu, na barua za mashini zikaendelea miaka miwili zaidi. Hakuzizuia. Lakini tume ilipokuja kuuliza nani alijua na tangu lini, maandishi yake yalikuwako, na hakuna tena mkubwa aliyeweza kusema kwamba hakuambiwa.