Jicho la Rafiki

Watu wengi husema kuwa hakuna amjuaye mtu kuliko mtu mwenyewe. Neno hili lina sura ya ukweli, kwa sababu njaa yangu naisikia mimi, na huzuni yako waisikia wewe. Lakini, msomaji mwema, yafaa tulipime. Je, yako mambo ya mtu ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyajua, na ambayo mwenzake huyaona kwa kutupa jicho tu? Na kama yako, mwenzake huyo ana wajibu gani?

Maswali ya namna hii ni magumu kuyapima nyumbani, ambako kila mtu ana kitanda chake, chakula chake na jamaa zake. Safari huyapima vizuri zaidi, na safari ya mahali pa baridi kali huyapima kuliko zote. Basi tuuchukue mji mmoja uwe mfano wetu.

Katika nchi ya Urusi, upande wa Siberia, kando ya mto Lena, uko mji uitwao Yakutsk. Mwanzo wake ni ngome iliyojengwa mwaka 1632, na leo wakazi wake wamepita 300,000. Mwezi wa Januari si ajabu kipimo cha hewa kushuka hadi nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, na yamekuwako majira ya baridi kilipopita 60. Mto huganda hata magari yakapita juu yake. Sokoni samaki husimamishwa wima kama kuni, wagumu kwa kuganda, wala muuzaji hahitaji barafu ya kuwahifadhia. Pumzi za watu na moshi wa magari hugeuka ukungu mzito unaolala juu ya njia. Wewe uliyezoea kulalamika kuwa asubuhi ya Limuru ni baridi mno, fikiri kwamba huko hewa ya ndani ya jokofu ingekuwa joto la kukimbilia.

Tuseme wewe na rafiki yako mmefika huko, kila mmoja ana shanta mgongoni, fedha zenu ni kidogo, nanyi mmekusudia kuuona mji kwa miguu. Mmevaa makoti mazito, kofia na glavu. Nyuso zenu tu ndizo zilizo wazi. Ni nini kitakachowapata?

Mwili wa binadamu ukishikwa na baridi kali hupunguza damu iendayo vidoleni, masikioni, puani na mashavuni, ili joto libaki kifuani unakokaa moyo. Viungo vya pembeni hutolewa kafara ili mwenye navyo aishi. Kwanza viungo hivyo huuma na kuchoma. Kisha maumivu hukoma. Hapo ndipo penye hila. Msafiri hudhani kuwa amekwisha kuizoea baridi, kumbe ngozi imekufa ganzi na imeanza kuganda. Ngozi hiyo hupauka. Kwa mtu mweusi huwa kama imepakwa majivu. Mwenyewe haioni, maana hana kioo, wala haisikii, maana ganzi imeikata habari yake. Mwenzake huiona mara moja. Kwa sababu hii wasafiri wenye busara katika nchi za baridi hutazamana usoni mara kwa mara, na mmoja akiona doa humwambia mwenziwe bila kuchelewa, wakatafuta mahali penye joto.

Twasema kila siku kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwa kawaida humwaza yule akopeshaye fedha au agawaye mkate. Rafiki wa Yakutsk hakutoa kitu ila habari. Hata hivyo, habari ile ni pua ya mwenzake, au kidole chake, pengine na uhai wake.

Wajibu wa kwanza basi ni kusema, nao si mwepesi kama unavyoonekana. Huenda siku nyingi mwenzako ametamani kulifikia jumba la makumbusho la mamathi, yaani wale tembo wa kale wenye manyoya ambao mizoga yao hufukuliwa katika ardhi iliyoganda ya nchi ile. Jumba linakaribia kufungwa, na kesho mnaondoka. Ukimwambia, "Ndugu yangu, shavu lako limepauka, turudi," utamharibia siku na atakununia. Ukinyamaza, mtafika mkicheka pamoja. Wengi hunyamaza, na kunyamaza huko hukuita adabu. Mimi naona adabu ya namna hiyo ni ukatili uliovaa kanzu nyeupe.

Wajibu wa pili ni kusikia, nao huenda ni mgumu zaidi. Aliyeambiwa hujibu upesi, "Sijambo, sisikii kitu." Angalia maneno hayo kwa makini. Kutosikia kitu ndiko aliko nako mwenye ngozi iliyoganda! Ushahidi anaoutoa wa uzima wake ndio dalili yenyewe ya ugonjwa. Kwa hiyo ziko saa ambazo mtu mwenye akili hana budi kuamini jicho la mwenzake kuliko hisia zake mwenyewe.

Huenda ukaniuliza, "Je, mtu hana uhuru wa mwili wake? Akikataa kurudi, rafiki ana haki gani ya kumlazimisha?" Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Joto la mwili ni kiasi cha nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, akili nayo huanza kupoa. Mtu hutetemeka na kujikwaa, maneno humlegea mdomoni, hukasirika bila sababu, hutaka kukaa chini apumzike. Na wako waliofikia kuvua nguo katika theluji wakidhani wanaungua. Mtu wa hali hiyo akisema, "Niache," ni nani asemaye? Ni yeye, au ni baridi?

Naona jibu hupatikana kabla ya safari. Asubuhi, wakati wote wawili wana joto na akili timamu, na waahidiane: "Ukiniambia turudi, nitarudi, hata nikiwa sitaki." Ahadi hiyo ikitolewa kwa hiari, rafiki amvutaye mwenzake jioni hamnyang'anyi uhuru. Anamtii yule mtu wa asubuhi, aliyeujua udhaifu wake na akataka asaidiwe. Na pasipokuwa na ahadi, amshike mkono vilevile. Lawama ya aliye hai ni nyepesi kuliko shukrani ya maiti.

Lakini haki hii ina mpaka, na mji ule ule wa Yakutsk waweza kutuonyesha. Ardhi yake imeganda mwaka mzima. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Shergin alichimbisha kisima tangu mwaka 1828 hadi 1837. Kilifika kiasi cha mita 116, na ardhi bado ilikuwa imeganda. Nyumba kubwa za mji hujengwa juu ya nguzo, ukaachwa uwazi chini yake, kwa sababu joto la nyumba likiigusa ardhi huiyeyusha, na nyumba huzama. Urafiki nao wahitaji uwazi wa namna hiyo. Rafiki achunguzaye chakula chako, nguo zako na kila neno lako atauyeyusha msingi uliombeba. Na aseme pale palipo na hatari ya kweli, tena aionapo ambayo wewe huwezi kuiona. Mengine akuachie.

Sasa, msomaji, pengine hutafika Siberia maisha yako yote, lakini iko ganzi isiyohitaji theluji. Mwanafunzi aibapo jibu la mtihani kwa mara ya kwanza moyo humuuma usiku kucha. Mara ya tano hulala usingizi mzito, akadhani kuwa jambo lenyewe limekuwa dogo. Uongo ni hivyo, na pombe ni hivyo, na dharau kwa wazazi ni hivyo. Mambo hayo huuma mwanzoni, kisha maumivu hukoma, na kukoma kwake hakumaanishi kupona. Nyani haoni kundule, nasi vilevile hatuyaoni mashavu yetu.

Kwa hiyo mtafute mwenzako mmoja leo, ungali mzima, umpe ruhusa ya kukuambia lile usilopenda kusikia, nawe uipokee ruhusa hiyo kwake. Siku atakapokuambia kuwa umepauka, usimwulize unajisikiaje. Mwulize anaona nini.