Pupa ya Kadi Kubwa

Kijana mmoja wa Dar es Salaam alikuwa na kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile za Ulaya zinazouzwa Kariakoo: prosesa ya Core i5 kizazi cha nne, RAM ya GB 8, monita ya hezi 60. Kadi yake ya grafiki ilikuwa GTX 1050 Ti, toleo la 2016, na gemu zake zilichezeka vizuri tu. Kilichomnyima usingizi ni namba za kadi za wenzake.

Akajibana mwaka mzima, akauza na kadi aliyokuwa nayo, na mwanzoni mwa 2022 akanunua RTX 3080. Wakati huo wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum walikuwa bado wanazigombania kadi, kwa hiyo alilipa zaidi ya zile dola 699 ambazo NVIDIA waliitangaza nazo Septemba 2020.

Nyumbani kadi ikagoma kuingia. Ina urefu wa milimita 285. Ikabidi ang'oe kishikio cha diski. Ikaja shida ya umeme. GTX 1050 Ti inakula wati 75, ambazo sloti ya mazabodi inazitoa yenyewe bila waya wa ziada. RTX 3080 inakula 320, na NVIDIA wanashauri pawa saplai ya wati 750. Ya kwake iliandikwa 290. Akanunua nyingine, plagi yake ikakataa kuingia, maana mazabodi ile ya ofisi ilikuwa na plagi ya kiwanda chake. Adapta nayo ikala pesa.

Mashine ikawaka. Akafungua gemu yenye mji mkubwa, na kila akifika kwenye msongamano wa magari, picha zinakwama. Akaibeba kwa fundi akilalamika kwamba ameuziwa kadi mbovu. Fundi akamfungulia vipimo gemu ikiwa inaendelea: prosesa asilimia 100, kadi asilimia 40.

"Mdogo wangu, kadi ni nzima. Inakaa tu ikisubiri kazi, prosesa haiwahi kuipelekea. Na hata ingewahi, monita hii haikuonyeshi zaidi ya fremu 60 kwa sekunde."

Akaona bora aiuze. Lakini tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaachana na uchimbaji wa kadi, mali za wachimbaji zikamwagika sokoni na bei ikaporomoka. Aliuza kwa hasara kubwa, akabaki na pawa saplai mpya na mashine isiyo na kadi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Funzo lipo wazi. Kabla ya kuilaumu kadi yako, shusha rezolusheni ya gemu utazame fremu. Zikipanda, kadi ndiyo iliyoelemewa. Zisipopanda, prosesa ndiyo inayokukwamisha, na pesa yako ianzie huko. Usidanganywe na jina pia: GTX 1060 ya GB 3 haikupungukiwa kumbukumbu tu ikilinganishwa na ile ya GB 6, hata viini vyake vilikuwa vichache, 1,152 dhidi ya 1,280.

Badilisha kadi pale gemu unayoitaka inapoishinda kwenye monita uliyonayo. Namba mpya kutangazwa si sababu. Na siku ukiamua kununua, kwanza fungua kasha, pima nafasi kwa rula, soma wati za pawa saplai yako, ndipo utoe pesa mfukoni.