Deni Letu kwa Simba

Kiswahili cha kwanza nilichokisoma maishani kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye geti letu, Wakiso, nje kidogo ya Kampala: MBWA KALI. Nilikuwa na umri wa miaka 12 na nyumbani tulizungumza Luganda tu. Nilipoingia chuoni, mhadhiri wetu wa sarufi alitueleza kwamba kibao hicho, ambacho mtu hukiona kila mtaa, kina kosa. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, kwa hiyo hupatanishwa kama mtu: mbwa mkali, mbwa wangu, mbwa amelala. "Kali" bila m- ni ya dawa, ya pilipili, ya jua. Darasa zima lilicheka. Mimi nilimkumbuka Simba.

Simba alikuwa Doberman. Baba alimnunua akiwa mdogo wa miezi mitatu, wiki chache baada ya wezi kuruka ukuta wetu na kuchukua televisheni na pikipiki. Mkia wake ulikuwa umekwisha kukatwa. Muuzaji alitaka kumkata na masikio pia ili yasimame wima na kumtisha mtu, mama akakataa. Baadaye nilijifunza kwamba Ujerumani, nchi ya asili ya mbwa hawa, ilipiga marufuku kukata masikio mwaka 1987 na mkia mwaka 1998. Sisi huku bado tunalipia.

Ushauri tuliopewa ulikuwa ule ule wanaopewa watu wote: mfungie bandani mchana, mfungulie usiku, watoto wasimguse, asizoee watu. Ndivyo atakavyokuwa mkali. Tulitii. Mchana kutwa Simba alilia bandani, si kwa kubweka, bali kwa sauti nyembamba kama bawaba isiyo na mafuta. Baada ya miezi kadhaa akanyamaza. Tulidhani amekomaa.

Hatukujua jambo moja. Karl Friedrich Louis Dobermann, aliyeanzisha mbegu hii katika mji wa Apolda mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa mkusanya kodi. Alihitaji mbwa wa kutembea naye ubavuni, nyumba hadi nyumba, siku nzima. Kwa hiyo mbwa huyu aliumbwa, na walioendeleza kazi hiyo ni binadamu, awe karibu na mtu. Ukiketi, anakuja kukaa juu ya miguu yako. Ukisimama, anakuegemea. Kumfungia peke yake ili awe mlinzi bora ni sawa na kumziba mtu masikio ili awe msikilizaji bora.

Simba alipokuwa na miaka miwili, geti liliachwa wazi, naye akamng'ata mkono kijana aliyekuwa akituletea maji kwa madumu. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, tukamkimbiza hospitali akachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Alipona, ila kovu analo. Jioni ile baba alisema mbwa auawe. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kumpenda mbwa yeyote, aliuliza swali moja tu: "Nani alimfundisha?"

Waswahili wana methali inayosema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Nadhani bibi alikuwa akisema jambo hilo hilo kwa Luganda. Mbwa hawezi kuwa na hatia, kwa sababu hawezi kupima tendo lake na kuliacha kwa kuwa ni baya. Hapa wengi wetu tungekubaliana. Lakini wengi hudhani kwamba mbwa akishaondolewa hatia, basi hatia imekwisha. La. Mkono wa kijana yule uliraruliwa, na jambo hilo lina mwenyewe. Mwenyewe ni yule aliyepanga mchana na usiku wa Simba. Kumuua mbwa kungekuwa njia ya kumzika shahidi.

Baba hakujibu kitu. Kesho yake aliondoa kufuli la banda.

Kazi iliyofuata ilikuwa ndefu, na karibu yote ilimwangukia dada yangu na mimi. Tulimkimbiza kila alfajiri kabla ya barabara kujaa bodaboda. Tulimfundisha kwa maneno machache na dagaa wakavu, bila fimbo. Tulimgawia chakula mara mbili kwa siku badala ya sahani moja kubwa, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu namna hii tumbo lao huweza kujaa hewa na kujipinda, na kifo hufika haraka. Manyoya yake yalikuwa mafupi, usiku wa mvua alitetemeka, akashonewa godoro la gunia. Jirani yetu Mwislamu, mzee ambaye hakutaka mate ya mbwa yaguse kanzu yake, ndiye aliyemwekea maji tulipokwenda msibani. Nilipomshukuru alinikumbusha hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani na kumtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba anayemwona mbwa najisi lazima amchukie. Mzee yule alinisahihisha bila kunisemesha sana.

Simba hakuacha kulinda. Alibweka usiku vizuri zaidi, maana sasa alijua nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani.

Alipofikisha miaka saba alianza kukohoa usiku na kukonda. Siku moja alianguka akikimbia, akalala kama amekufa, kisha akainuka. Daktari wa mifugo alisema moyo umetanuka na misuli yake imelegea, ugonjwa unaowapata Doberman wengi kwa sababu upo katika damu yao. Dawa ni za kila siku hadi mwisho, na haziponyi. Mwezi huo huo karo ya binamu yangu, yatima tunayeishi naye, ilikuwa haijalipwa. Pesa haikutosha kwa yote mawili.

Immanuel Kant alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Tuwatendee wema kwa kuwa anayemtesa mnyama huzoea ugumu wa moyo, na ugumu huo utawafikia watu. Hata hivyo yeye mwenyewe aliona kwamba mbwa aliyetumika kwa uaminifu anastahili kutunzwa uzeeni. Mimi naona mfano wake unaishinda nadharia yake. Kama Simba alikuwa chombo cha kuzoezea huruma yangu tu, basi deni langu ni kwa watu, na ningeweza kulilipa kwa kumtunza mbwa mwingine mwenye afya na gharama nafuu. Jeremy Bentham, mwaka 1789, aliuliza kama wanaweza kuteseka, na swali lake ni zuri zaidi. Lakini mbwa wa jalalani Kalerwe nao wanateseka, na sidaiwi nao kama nilivyodaiwa na Simba. Tofauti ni kwamba Simba tulimchukua. Tulimnyima kila njia nyingine ya kuishi, tukapokea usingizi wetu kutoka kwake, kila usiku, miaka saba. Hata moyo wake mbovu ni kazi ya watu waliozalisha mbwa ndugu kwa ndugu wakitafuta umbo zuri.

Rafiki yangu mmoja wa darasani aliposoma rasimu hii aliniambia: mtoto yatima ni mtoto, wewe unaandika habari za mbwa. Ana haki ya kusema hivyo. Baba alilipa karo kwanza, na dawa zikanunuliwa nusu mwezi, nusu mwezi hapana. Simba aliishi miezi minne. Sidhani baba alikosea siku ile. Nadhani alikosea miaka saba nyuma, nasi tukiwa tumesimama kando yake tukishangilia, aliponunua uhai wa mwaka 10 hivi kwa bei ya mtoto wa mbwa bila kuuliza utagharimu nini ukizeeka. Mwenye kujiwekea madeni mawili asiyoweza kuyalipa hawezi kujitetea kwamba moja lilikuwa dogo.

Mwezi uliopita baba aliniambia wezi wamerudi mtaani na kwamba amepata muuzaji. Alinionyesha picha katika simu: mtoto wa Doberman, masikio yamefungwa bandeji. Nilimuuliza mbwa huyo atashinda na nani mchana, na akiugua nani atalipa. Baba aliitazama picha kitambo, akaiweka simu mfukoni. Mpaka leo hajanijibu, na banda bado liko wazi.