Nguchiro wa Amami

Kusini mwa Japani, kisiwa cha Amami Oshima, kuna nyoka anaitwa habu. Ana vishimo viwili, kimoja kila upande kati ya jicho na pua, na kwa hivyo anahisi joto la panya gizani. Sumu yake haina mchezo.

Mwaka 1979 wakaachilia nguchiro kama 30 wawamalize hao habu. Wazo zuri, ama? Lakini nguchiro huwinda mchana, habu hutoka usiku. Hata hawakukutana sana! Nguchiro wakazaana maelfu, wakala sungura weusi ambao huwapati kwingine ila hapo na kisiwa jirani. Ni Septemba 2024 ndipo serikali ilitangaza nguchiro wameisha. Habu bado yuko.

Sasa nisikize, ndugu yangu. Karo imekubana, ukachukua mkopo wa simu, halafu mwingine wa kulipa ule wa kwanza. Huyo ni nguchiro. Deni liko palepale, na mshahara unaisha kabla ya tarehe kumi. Wengine hata mke hajui. Soma 2 Nyakati 28: Mfalme Ahazi aliita Ashuru wamsaidie, akawapa mpaka mali ya hekalu, na hao hao wakamtesa.

Alhamisi baada ya maombi ya jioni niko ofisini na wazee wawili. Njoo na hiyo simu na meseji zote. Kama unaweza, njoo na mwenzako. Hakuna jina litakalotajwa madhabahuni.