Mgeni aliyejificha ndani ya jiwe

Watu wafugao samaki na matumbawe katika sanduku la kioo hununua mawe ya bahari, na ndani ya matundu yake huingia wageni wasioalikwa. Je, ni haki kuwaua? Kule Newquay, Uingereza, mwaka 2009, matumbawe yalikutwa yamekatwa na samaki wamejeruhiwa. Mawe yalipotolewa, alionekana mnyoo wa zaidi ya mita 1. Hakuuawa, alitengwa katika sanduku lake. Twasema ilikuwa haki: hakujileta, watu ndio waliomleta.

Lakini wengine huua kila mnyoo mwenye miiba, kumbe wengi wa hao hula mabaki tu. Hatia yao ni sura! Naye aiptasia, mzuri kama ua, huyachoma matumbawe kwa sumu. Ukimkwangua kwa hasira, vipande vyake huota tena.