Wakala ni wa Nani? Mswada wa Watoto na Maadili ya Upatanishi

Neno wakala katika Kiswahili limebeba dhana ya amana: wakala hutenda kwa niaba ya aliyemtuma, na faida au hasara ya tendo lake humrudia huyo aliyemtuma. Katika biashara ya vitabu ya Uingereza na Marekani, ambako uwakala wa kifasihi umekuwepo tangu A. P. Watt alipoianza kazi hiyo mjini London katika miaka ya 1870, uhusiano huo umepinduliwa. Kisheria mwandishi ndiye mtumaji. Kiutendaji ndiye mwombaji. Humwandikia wakala barua ya ukurasa mmoja, akataja umri wa wasomaji aliowakusudia, idadi ya maneno, kiini cha kisa na vitabu viwili vitatu vya karibuni vinavyofanana na chake, kisha akangoja. Wakala akikubali hatozi ada. Hukata takriban asilimia 15 ya mapato ya soko la nyumbani, na kwa kawaida asilimia 20 ya haki zinazouzwa nje. Akikataa, aghalabu hatoi sababu.

Makala haya yanauliza swali moja: je, mwandishi wa fasihi ya watoto na vijana ana haki ya kubadilisha nini katika hadithi yake ili apate kusikilizwa? Swali hili ni la kimaadili kabla halijawa la kibiashara, kwa kuwa katika mapatano hayo yumo mtu wa tatu asiyewakilishwa na yeyote, naye ni mtoto.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwalimu wa shule ya msingi huko Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, ameandika hadithi ya msichana wa miaka 12 anayeamka alfajiri kwenda kuchimba maji katika mchanga wa mto uliokauka. Kwa mtoto wa huko shimo la mchangani si ajabu. Ni jambo la kila kiangazi, na hadithi hailielezi. Uhondo wake umo kwingine: katika ugomvi wa msichana na shangazi yake juu ya nani aliyemwachia punda akalikanyaga shimo likafukika. Mwalimu huyo sasa anamwandikia wakala wa London (na kwa kuwa wakala hasomi Kikamba wala Kiswahili, tafsiri imekwisha kufanyika kabla barua haijaanza). Anatambua upesi kwamba kinachouzika huko ni kiu, si ugomvi. Anashawishika kukipandisha kiangazi hadi sentensi ya kwanza na kumshusha shangazi hadi sura ya tatu. Hajasema uongo, maana kiangazi kipo. Alichofanya ni kuhamisha hadhira. Fanani anayewasimulia waliokaa mbele yake halielezi shimo la maji; pindi anapoanza kulieleza, wale waliokaa mbele hutambua kwamba anazungumza na mtu mwingine aliye nyuma yao.

Mhakiki aweza kupinga kwamba kila fasihi iliyosafiri ililazimika kujieleza. Ni kweli. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha Mutunga na Ngewa Yake kwa Kikamba mwaka 1954, na mwaka 1966 akatoa Akamba Stories kwa Kiingereza. Vitabu hivyo viwili havina msomaji mmoja, wala kimoja hakijisingizii kuwa kingine. Kueleza, basi, si kosa. Kosa huanza pale kitabu kimoja kinapodai kuwa cha mtoto wa Tseikuru ilhali kila ukurasa wake umempa kisogo.

Wako wanaotaja kisa cha J. K. Rowling kama ushahidi kwamba mtoto naye ana kura. Mswada wake ulipata wakala, Christopher Little, mwaka 1995, lakini ulipofika Bloomsbury ni binti wa miaka minane wa mkuu wa kampuni aliyesoma sura ya kwanza na kutaka iliyofuata. Kitabu kikatoka mwaka 1997. Kisa kinapendeza, ila kura hiyo ilipigwa na mtoto aliyekuwa ndani ya nyumba ya mchapishaji.

Kenya haina desturi ya mawakala. Mwandishi huupeleka mswada wake kwa mchapishaji moja kwa moja. Hata hivyo, uwakala upo bila jina. Kwa kuwa soko kubwa ni shule, mchapishaji wa Nairobi huusoma mswada wa watoto kwa macho ya jopo la Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo tangu mwaka 2013 ni Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Hapa lipo jambo zito zaidi kuliko la London. Maslahi ya wakala yako wazi, yanahesabika kwa asilimia. Jopo husema kwa jina la mtoto mwenyewe, na kwa hivyo ni vigumu kulipinga. Kiu haitalishtua; litauliza funzo ni lipi, na iwapo inafaa msichana amjibu shangazi yake hivyo. London inataka kiangazi, Nairobi inataka adabu, na pande zote mbili zinaufuta ugomvi uleule. Kithaka wa Mberia, aliyetoka Tharaka ng'ambo ya Mto Tana, alichapisha Kifo Kisimani mwaka 2001 kupitia kampuni ndogo ya Marimba, na tamthilia hiyo ikaja kuteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari. Njia hiyo humkwepa mchapishaji mkubwa, jopo haikwepi.

Pengine mpaka unaweza kuwekwa baina ya barua na mswada. Barua ni mazungumzo ya mtu mzima na mtu mzima: humo mwalimu na aeleze Tseikuru iko wapi, mvua hukawia kiasi gani, na kwa nini punda ni mali. Mswada ni mazungumzo na mtoto, na humo msimulizi asilishangae lile ambalo msichana mwenyewe halishangai. Mpaka huu unavuja, kwani mawakala wengi hutaka kurasa za mwanzo zifuatane na barua, na ukurasa wa kwanza ndio unaoshawishi zaidi kugeuzwa. Mwalimu wa mfano huu atalazimika kuamua kama ukurasa huo utaanza na jua, au na sauti ya shangazi ikiuliza punda yuko wapi.