Mnyororo Mmoja
(Waebrania 13:3)



Mtume atuonya tusiwasahau wafungwa, bali tukihesabu kifungo chao kuwa ni chetu. Wengi wetu hulisoma neno hili na kulipita upesi, maana miguu yetu haijauonja mnyororo. Leo nawaleteeni habari za mtu aliyeuonja, wala hakuusahau alipokuwa huru.

John P. Parker alizaliwa mwaka wa 1827 katika mji wa Norfolk, Virginia, nchi ya Marekani. Mama yake alikuwa mtumwa, na kwa sheria ya huko mtoto naye akawa mtumwa. Alipokuwa na umri wa miaka minane aliuzwa, akafungwa mnyororo mmoja na mzee, wakaenda kwa miguu mpaka Richmond. Baadaye akapelekwa kusini hata Mobile. Huko alijifunza kusoma, na kazi ya kusubu chuma. Na kwa ujira wa kazi ile akajikomboa mwaka wa 1845 kwa dola 1,800.

Mwaka wa 1848 alimwoa Miranda Boulden, kisha wakakaa Ripley, mji mdogo wa Ohio ulio ukingoni mwa mto. Ng'ambo ya pili ilikuwa Kentucky, penye utumwa. Mchana Parker alisubu chuma. Usiku alivuka kwa mashua, akawavusha watumwa waliokimbia. Safari moja aliwakuta mume na mke ambao bwana wao, ili wasitoroke, alikuwa amemchukua mtoto wao mchanga na kumlaza miguuni pa kitanda chake, bastola ikiwa karibu. Parker aliingia gizani akinyata, akamtwaa mtoto, akawavusha wote watatu.

Majina ya watu hao aliyaandika katika kitabu. Lakini mwaka wa 1850 ilitoka sheria kali juu ya wenye kuwasaidia watoro. Naye, kwa kuwahofia jamaa zake na mali yake, akakitupa kitabu katika tanuru. Majina yakateketea, kazi haikukoma. Watoto wake aliwasomesha; binti yake Hortense alimaliza chuo cha Mount Holyoke mwaka wa 1883. Parker alifariki mwaka wa 1900.

Ndugu, huenda wasema, "Mimi nina mke na watoto na kazi, ya wengine nitayawezaje?" Parker naye alikuwa nao, na hofu pia alikuwa nayo. Lakini alimkumbuka yule mzee wa mnyororo.

Nasi tunaye aliye mkuu kuliko Parker. Bwana Yesu hakusimama ng'ambo akituita tu. Alivuka, akafungwa, akafa, ili sisi tuwe huru. Basi hatuvuki ili tupate kukombolewa. Twavuka kwa kuwa tumekwisha kukombolewa.

Je, katika usharika wako ni nani aliyeachwa ng'ambo? Mjane mwenye deni? Mfungwa asiyetembelewa? Mwendee kabla usiku haujaisha. Bwana na atupe moyo huo. Amina.